Mhina Uliozungushiwa Seng'enge

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ya miaka ile ya vita, ambayo nikiikumbuka damu hunichemka mpaka leo.

Hapa Kisauni palikuwa na ziwa dogo, na ukingoni mwake mkwaju walimolala yangeyange, ndege wale weupe, na mhina mkubwa. Bibi arusi wa mtaa wetu hakupakwa hina ya dukani. Tulikwenda wanawake kwa vigelegele, somo wake, yule mama mzima aliyemfunda unyumba, akachuma jani la kwanza, nasi tukamalizia.

Basi serikali ikapazungushia seng'enge, ikaweka mabenchi, ikapaita bustani. Tukaambiwa ni ya watu wote. Watu wote gani, sijui, maana tulipokwenda kumchumia hina binamu yangu Zuhura tulikuta lango limefungwa. Na mlinzi ni Athumani, kijana wetu wenyewe, kavaa kofia ya kazi utadhani alizaliwa nayo. Akasema bwana mkubwa wa serikali hataki kelele, zitawashtua ndege. Ndege wenyewe walitotolewa kwa vigelegele vyetu.

Mimi nikaanza kumbembeleza. Bi Mwanaesha, somo wa Zuhura, akanivuta mkono.

"Nyamaa. Mtu habembelezi mlangoni kwao." Kisha akamgeukia mlinzi. "Nawe Athumani, mamako alipakwa hina ya mti huu, nami nikishuhudia. Leo wamfungia nani?"

Athumani akatazama chini, lakini lango hakulifungua. Zuhura akaolewa na hina ya dukani, na alilia.

Mhina usipochumwa huota ovyo. Miezi ikapita, bwana akaona haupendezi, akaamuru ung'olewe, na aliyeshika jembe ni Athumani huyo huyo. Jioni akaja uani kwa Bi Mwanaesha na matawi kwapani, akisema labda yatafaa.

"Yarudishe kwa bwanako," Bi Mwanaesha akamwambia, "awapake ndege wake."

Mwanangu, nawe sasa una kazi yako na funguo zako. Ukipewa mahali ulinde, uliza kwanza ni nani atakayebaki nje. Wakiwa ni watu wa kwenu, ufunguo urudishe siku hiyo hiyo. Kazi nyingine utapata. Mti ule sisi hatukuupata tena, na binti zangu wote wameolewa na hina ya pakiti. Mola akulinde, akupe riziki isiyokutenga na watu wako, na mlango wako usikose mgeni. Amin.