Darasa Lililolala Chini

Wakati wa vita, watoto wa Bukavu walijua somo moja kuliko mengine yote: mwalimu akijitupa chini, nawe lala chini, funga kinywa. Niliwafundisha mimi mwenyewe, maana masasi, yaani risasi, hayakupiga hodi.

Shida ni kwamba mimi nina kifafa tangu ujana. Vidonge vilikuwa vinakituliza, kisha barabara zikafungwa, vidonge vikakosekana. Asubuhi moja nikaanguka mbele ya ubao, povu likinitoka kinywani. Watoto wakafanya kama nilivyowafundisha: wote chini ya meza, kimya. Direktere, mkuu wa shule, akapita nje ya dirisha, akaona darasa zima limelala, naye akajitupa kwenye matope ya uwanja na suti yake. Madarasa mengine yakamfuata. Nilipozinduka, shule nzima ilikuwa chini, wala hakuna sasi lililolia.

Mimi ningecheka. Wazazi wakaitisha mkutano. Serikali ilishatusahau, wao ndio waliotulipa, kwa hiyo neno lao ndilo lilikuwa sheria.

Baba mmoja akasema, “Povu yake itaambukiza batoto. Maman mwalimu aende apumuzike ku nyumba.”

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nani alimwambia nimechoka? Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, lakini mimi nilitaka niulizwe.

Mwenzangu wa darasa la jirani akaniwahi kusimama. Ni mama mpole, anaogopa hata panya. “Ile povu nilimufuta mimi, na kitambaa yangu,” akasema. “Niko na kifafa? Niko muzima.” Akaeleza tulivyopatana: meza yangu ishuke kutoka kwenye jukwaa la saruji, mlango kati yetu ubaki wazi, nikianguka anilaze ubavu na watoto waendelee na kazi yao.

“Na mwalimu wa kuanguka atafundisha batoto nini?” akauliza yule baba.

Nikasimama. “Papa, siku ile shule yote ilianguka, na direktere pia. Humu Bukavu sisi wote tunaanguka sababu ya masasi. Walikufukuza ku kazi sababu ulilala chini ya kitanda? Ulisimama, ukajipangusa, ukaenda. Mimi pia ninasimama.”

Direktere akakohoa, akasema meza ishushwe.

Nilianguka tena, tena si mara moja. Nilikuwa nikizinduka nawakuta watoto wameshamaliza zoezi, wananingoja nisahihishe. Nikajipangusa, nikasahihisha.