Nilimwambia Oliva Baba Yake Anakuja Jumapili

Kosa ni langu, tena lote. Msinitafutie mtu wa kugawana naye. Nimelibeba miaka yote hii huku nikicheka na watu, na yeyote anayenifahamu hapa Ngara atawaambia mimi ni mtu wa utani. Lakini Jumapili ikifika situlii. Naketi, nainuka, natoka kutazama barabara, narudi ndani. Mke wangu ameshazoea, haulizi tena.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walijaa mpaka nikadhani dunia imeinama upande wetu na kila kitu kinateremkia Ngara. Pamoja nao wakaja wageni wa mashirika ya misaada. Wale wageni walikuwa na siku moja tu ya kupumzika kwa wiki, na siku hiyo hawakuwa na pa kwenda.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, kwa mwanga wa karabai. Kiingereza changu nilikisifia mwenyewe, nikisema hata Malkia angenisikia angeomba nirudie polepole. Basi nikakodi Landkruza ya mfanyabiashara mmoja, nikaanza kuwapangia wageni safari za siku moja. Gari lao peke yao, dereva wao, chakula kwenye kikapu, nyati na tembo wa pori la Burigi, jioni wamerudi. Mpango wangu wa kwanza kabisa niliuandika kwa mwandiko mzuri: asubuhi hifadhi ya Rubondo, mchana chakula Mwanza, jioni Ngara.

Dereva wangu aliusoma, akaikunja karatasi, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mwalimu," aliniita hivyo ingawa sijawahi kufundisha hata kuku, "safari hii inataka ndege."

Jina lake Evarist. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, na hapo ndipo siri yetu ilipokuwa. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, sembuse kuendesha wageni kwenda kutazama wanyama. Lakini Kihangaza chetu na Kirundi chao ni mtu na ndugu yake. Nikampa shati langu la kitenge, nikamwambia kuanzia leo wewe ni binamu yangu wa Rulenge. Vizuizini aseme kidogo, mengine aniachie mimi. Kusema ndiyo kazi niliyozaliwa nayo!

Hakukubali kwa sababu ya ujira. Alikuwa na binti wa miaka minane, Oliva, aliyepotezana naye siku ya kukimbia. Mtu mmoja alimletea habari kambini kwamba mtoto wa jina hilo, mwenye kovu la moto mkononi, analelewa na mama mmoja mkulima kando ya barabara, karibu na Biharamulo mjini. Evarist aliomba kibali cha kwenda kumtazama. Akaambiwa asubiri. Alisubiri miezi.

"Kibali?" nilimwambia. "Kibali chako ni mimi."

Safari ya kwanza tuliishia porini. Ya pili na ya tatu vilevile. Wageni walitaka wanyama, hakuna aliyetaka kuona Biharamulo. Kila tuliporudi Evarist alikuwa anaosha gari, nami namwahidi safari ijayo. Hatimaye wageni watatu wakataka Rubondo, na njia ya Rubondo inapita Biharamulo. Walikuwa wamepewa siku ya ziada, tayari kulala huko usiku mmoja. Nilimkimbilia Evarist kama niliyeokota dhahabu.

Aliomba jambo moja tu. "Tusimwambie mtoto mpaka tufike."

Nikamwitikia. Halafu nikaenda kumtuma utingo wa basi apeleke salamu kwa yule mama. Mwambie Oliva, nikasema, baba yake anakuja Jumapili asubuhi na gari kubwa jeupe, na viatu vipya amemnunulia. Viatu vyenyewe havikuwepo! Nilitaka tu habari inoge.

Jumapili tukaondoka alfajiri. Tulipokaribia Lusahunga tukasimama kizuizini. Askari alitufahamu kwa safari za nyuma. Akachungulia, akawasalimu wageni, akainua mkono tupite. Gari lilikuwa limeanza kusogea. Akauliza tu, kwa wema wake, leo tunawapeleka wapi.

Ningejibu Rubondo, yakaisha.

Nikasema, "Rubondo, afande, na kwa dereva huyu tutafika kabla hujamaliza chai. Huyu alikuwa anamwendesha waziri kule Bujumbura!"

Evarist hakuwahi kumwendesha waziri yeyote. Alikuwa anaendesha lori la sukari. Katika uongo ule wote, neno la kweli lilikuwa moja tu, Bujumbura.

Mkono wa askari ukashuka. "Wiki iliyopita uliniambia ni binamu yako wa Rulenge."

Nilicheka. Askari hakucheka. Akamwambia Evarist azime gari, kisha akanigeukia mimi. "Mtu huyu unamfahamu?"

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Niliona lile gari la watu likishikwa, nikajiona mimi mwenyewe rumande. Nikasema, "Simfahamu, afande. Nimemwokota stendi leo asubuhi, dereva wangu anaumwa."

Shati langu lilikuwa mwilini mwake.

Evarist hakuniumbua, angeweza. Aliweka ufunguo juu ya kiti, akasema kwa Kirundi, taratibu, maneno ambayo yule askari wa kutoka mbali hakuyaelewa, lakini mimi Mhangaza niliyaelewa yote: "Mtoto anangoja. Nenda wewe umwambie."

Sikwenda. Evarist alibaki mikononi mwa askari, mgeni mmoja akashika usukani, tukageuza. Kutoka pale hadi kwa yule mama ilibaki kama saa moja hivi, na malori yalikuwa yanapita kila dakika. Nilirudi Ngara nikasimulia jinsi nilivyobishana na askari sita wenye bunduki. Watu walinisifu sana.

Nilikwenda baada ya wiki tatu. Mama yule alikuwa anapalilia maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaacha jembe. Nilipojitaja akanyoosha kidole barabarani.

"Alikaa barabarani tangu asubuhi," akasema. "Kila gari jeupe alilikimbilia. Jumapili ya pili pia. Ya tatu hakutoka. Akaniambia, 'Baba amekuja, ameniona, akaendelea.'"

Siku nne kabla sijafika, mtoto alikuwa amechukuliwa na wanaokusanya watoto waliopotezana na wazazi, akapelekwa kambini. Kambi gani, mama hakujua. Evarist naye nilimuulizia kila mahali. Wengine walisema amehamishiwa Kibondo, wengine wakasema amevuka kurudi kwao. Kazi ya safari niliiacha. Ningempangia nani safari, mimi niliyeshindwa mwendo wa saa moja?

Wewe unayependa kunogesha maneno kama mimi, nogesha habari za samaki uliyemvua. Mtu akikukabidhi siri yake, ishike kama ilivyo, hata kama unaona haina ladha. Ukiponyokwa, usimkane. Na ukishamkana, angalau timiza alilokutuma, siku hiyohiyo, kwa miguu ikibidi. Usisubiri aibu ipoe. Mtoto aliye barabarani hajui kuwa wewe unaona aibu.

Na kama huyu Oliva anasoma, mwenye kovu la moto mkononi: baba yako hakukuona akaendelea. Hakufika. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa mdomo wangu.