Kofia ya Chuma Niliyoisugua

Harufu ya vumbi la mbao za mninga likinata kwenye rangi mbichi hunirudisha Ifakara, miaka ile ya tisini mwanzoni, nilipokuwa na miaka kumi na moja na tayari fundi, ila hakuna aliyekuwa anajua. Leo mtu akigonga gari, awe Mlimba au Malinyi, anaulizia gereji yangu. Shule niliiacha darasa la tano, lakini waliomaliza wanapanga foleni kwangu, na nikishapiga rangi, mwenye gari mwenyewe haoni palipobonyea. Basi niwaambie nilianzia wapi.

Baba Mkubwa, aliyenilea, alirudi kutoka vita vya Kagera na kofia ya chuma isiyokuwa yake. Ilikuwa ya rafiki yake aliyefia kule. Alivyoipitisha mpaka nyumbani hakuwahi kusema. Mama wa marehemu aliishi Malinyi, na kwa kuwa kila masika maji yaliingia hadi uvunguni mwa kitanda chake, kofia ilikaa kwetu juu ya kabati. Kila mwaka baada ya mavuno Bibi, ndivyo tulivyomwita mama huyo, alivuka mto kwa pantoni, akaketi mkekani, akaipakata. Macho yake yalishaharibiwa na mtoto wa jicho. Aliipapasa tu asubuhi nzima, na sisi watoto tulikatazwa hata kucheka uani.

Mwaka ule nikataka sifa. Kwetu mtoto mwema alijulikana kwa sufuria: unaisugua kwa majivu na mchanga mpaka unayaona meno yako. Kofia ilikuwa na rangi ya kijani yenye chengachenga kama ukoko, nikadhani ni uchafu wa vita. Jumatano nikaisugua hadi ikang'aa kama kioo. Baba Mkubwa alipoiona alikaa chini, kwenye vumbi, na jembe bado liko begani.

"Nimeisafisha, Baba."

"Umeisafisha! Rangi ile ya kukwaruza iliwekwa makusudi, isimetemete juani adui akaiona. Na Bibi anamjua mwanawe kwa kukwaruza kule. Jumamosi yuko hapa. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako huo huo."

Zilibaki siku mbili. Kwa seremala jirani niliomba rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka madirisha, nikaifubaza kwa masizi ya sufuria. Nikaipaka kofia, nikanyunyiza mchanga wa mto. Ukateleza wote na kurundikana ukingoni. Nikafuta, nikaanza upya. Ndipo nikaona vumbi la mninga limenata kwenye miguu ya seremala iliyolowa jasho. Nikalichekecha kwa kitambaa, nikalinyunyiza rangi ikiwa mbichi, ilipokauka nikapaka tena juu. Nilijaza kila mahali sawasawa. Baba Mkubwa mwenyewe aliigusa, akairudisha juu ya kabati.

Jumamosi Bibi akafika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mkono wako unanuka rangi?"

Baba Mkubwa akakohoa. Kofia ikawekwa mapajani mwa Bibi. Vidole vyake vikatembea juu, vikashuka, vikasimama. Vikarudi vilikotoka.

"Pangu pako wapi?" akauliza. "Hapa, juu ya sikio. Miaka yote hii nimepalainisha kwa dole gumba. Nani kapafukia?"

Baba Mkubwa akatazama ukuta.

"Ni mimi, Bibi."

Hakunigombeza. "Una mkono mzuri," akasema taratibu. "Umenirudisha mwaka wa kwanza nilipoipakata." Kisha akaweka dole gumba juu ya sikio, akaanza tena.

Leo nina kompresa mbili na vijana sita, na hakuna jicho lililowahi kunikamata. Lakini kabla sijafungua kopo la rangi, namwuliza mwenye gari mkono wake hupenda kukaa wapi. Wengine wananicheka, wanasema ndiyo elimu ya darasa la tano hiyo. Akinionyesha mahali, pale mlangoni palipolika kwa kiwiko chake, hapo napazungushia karatasi na sipagusi.