Haya ya Alfajiri

Kabla msikiti wa Majengo, Nairobi, haujapata spika, mwadhini alikuwa wa Majengo peke yake. Sisi tuliokaa ng'ambo ya barabara, katika nyumba za baraza la jiji, tulimsikia siku ambazo upepo ulitupendelea tu, na hata hivyo ungedhani ni mtu anayeita mbuzi wake. Halafu, miaka ya sabini ikielekea kuisha, wakapandisha tarumbeta za chuma juu ya paa, moja ikatazama Gikomba na nyingine ikatutazama sisi. Alfajiri ya kwanza mzee mwadhini alikohoa ndani ya mashine, na kikohozi chake kikaingia chumbani kwetu kabla ya adhana yenyewe. Mtoto wa jirani aliangua kilio, mbwa wakapokea, na mtaa mzima ukaamka ukinung'unika.

Majirani walikasirika, na sitajifanya hawakuwa na sababu. Wengi walikuwa watu wa viwandani ambao usingizi kwao ulikuwa kitu cha kuiba hapa na pale. Mwenye mdomo zaidi alikuwa fundi seremala tuliyepakana naye ukuta, mtu wa Murang'a na mzee wa kanisa.

"Hawa watu hawana haya," alisema pale bombani, akingoja debe lijae. "Umelala na bibi yako, mara unasikia mzee mwingine ako ndani ya nyumba."

"Haya wanayo," baba yangu akamjibu. "Kila asubuhi si wanatugawia?"

Maana katika ule mwito wote wa Kiarabu, baba alikuwa ameokota neno moja. Mwadhini akifika kwenye "hayya", baba alisikia "haya", lile letu la kila siku, la kumwambia mtu inuka twende. Hakungoja kuitwa tena. Alisema, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyeitwa kwa heshima, na miguu yake ikagusa sementi. Hatukuwa na saa. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi kule Industrial Area, na aliyekuta geti limefungwa alirudi nyumbani bila kazi ya siku hiyo. Mzee wa Majengo ndiye aliyekuwa saa yake.

Mama hakupenda. Alikuwa wa kanisa la kwetu magharibi, wale wa kanzu nyeupe na ngoma, na aliamini kwamba ukiitikia mwito usioujua, hujui umekubali nini.

"Baba watoto, usimjibu," alimwambia. "Hujui anakuita wapi."

"Ananiita kazini," baba akasema, akicheka.

Asubuhi ya mwisho nilikuwa macho. Mdogo wangu alikuwa na homa, na mama alitaka baba arudi mapema ili wampeleke hospitali pamoja. Spika ilikohoa, mzee akaita, baba akasema haya yake ya kuamka, akavaa akala zake, zile ndala za tairi. Alipofika mlangoni mama akamwambia, "Leo urudi mapema."

"Haya," baba akasema.

Akala zikashuka kijia. Hatukumwona tena.

Kazini hakufika. Mama alizunguka vituo vya polisi na wodi za hospitali, akaingia mochari, akatoka. Ndugu za baba walikuja kutoka nyumbani, wakauliza kama kulikuwa na ugomvi, wakala, wakarudi. Mtu mmoja alidai amemwona Kiamaiko, sokoni, ameshika kamba ya mbuzi. Tulikwenda, na kumbe alikuwa mtu mwingine mwenye mabega kama yake. Ningependa kusema kwamba tulizoea, lakini hatukuzoea.

Kilichobaki kwetu ni lile neno, na watu hawakutuachia hata hilo. Mke wa fundi alimwambia mama waziwazi, akidhani anamsaidia.

"Mwanamume akisimama kwa mlango aseme haya, huyo amekuaga. Ako mahali na mwingine. Lea watoto wako."

Mama alikataa katakata. "Nilimwambia arudi mapema, akasema haya. Hiyo ni kukubali."

Kwake ilikuwa ahadi, na mtu aliyeahidi kurudi huwezi kumfungia mlango. Basi akaacha kutia komeo. Katika mtaa ambao watu walifungia ndani hata ndoo na ufagio, mlango wetu ulirudishwa tu, na kila spika ilipokohoa mama aliketi kitandani akiutazama.

Na mimi nilisikia. Msiniambie niliota, maana nimeambiwa hivyo vya kutosha. Mwadhini alipofika kwenye "hayya", palikuwa na sauti ya pili humo chumbani, ya chini, upande wa mlango. "Haya." Kisha miguu ikagusa sementi. Mara nyingine mdogo wangu aligeuka na kusema, "Baba ameamka," na mama hakumkanya. Nilijifunika blanketi lililotoka kiwandani kwake nikatetemeka, kwa hofu, na kwa furaha pia. Usiku nilikuwa nikiogopa, lakini niliogopa zaidi kwamba siku moja nitalala fofofo nisimsikie.

Siku moja fundi akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wazee wa msikiti wamekubali kusikiliza, alisema, ila wanataka kujua kama ni mtaa mzima unaolalamika au ni mtu mmoja mwenye chuki zake. Kwa hiyo kila nyumba iseme neno lake. Mama, ambaye zamani naye hakuupenda mwito huo, alisema spika ibaki hapo ilipo.

"Na wewe ni wa kanisa," fundi akasema.

"Ndiyo."

"Sasa hiyo kelele unaitakia nini?"

"Baba watoto anaamka nayo."

Fundi alitazama chini. Hakuwa mtu mbaya. Kitanda tulicholalia sisi watoto alikitengeneza yeye, kwa mbao alizobakiza, na hakutaka hata kushukuriwa. "Alikuwa anaamka nayo, mama," akasema polepole.

Mama aliingia ndani akamwacha amesimama.

Alasiri moja alijifunga kitambaa kichwani, akanishika mkono, tukavuka barabara. Mwadhini alikuwa ameketi kwenye baraza la nyumba karibu na msikiti, akishona kofia. Nilikuwa nimetarajia jitu. Nikakuta mzee mwembamba, mfupi kuliko mama, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitukaribisha mkekani, mama akakataa kuketi. Akamweleza yote akiwa wima, kuanzia mzaha wa baba hadi homa ya mdogo wangu, na mwisho akasema, "Mzee, wakikunyamazisha, huyu mtu atajuaje ni saa ya kurudi?"

Mzee aliiweka sindano chini. Ningemchukia kama angemwambia mama awe na subira, maana kila mtu alikuwa akimwambia hivyo. Hakumwambia.

"Spika si yangu, mama. Mimi nina koo tu," alisema. Kisha akauliza, "Mnakaa nyumba ipi?"

Mama akamwonyesha kwa kidole.

Wazee wa pande zote mbili walikutana wakaelewana vizuri. Spika isiondolewe, ila ile tarumbeta iliyotutazama igeuzwe upande wa mto. Walipeana mikono, wakanywa chai, na watu wakasifu ujirani mwema. Mimi nilimchukia kila mmoja wao.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na jogoo. Adhana ilikuwapo, lakini ilitufikia kama redio ya nyumba ya mbali, mvumo tu usio na maneno. Nilitega sikio nikingoja haya. Sementi ilikaa kimya. Ng'ambo ya ukuta fundi alikoroma kwa raha aliyoitafuta siku nyingi, na mama alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza mlangoni, mikono mapajani. Mdogo wangu alisema, "Baba hajaamka."

Mwanga ulipoanza kupenya chini ya mlango, tukasikia akala. Zilikuja kwenye kijia bila haraka, zikapita mlango wa fundi, zikasimama kwetu. Mama aliruka na kuuvuta mlango kabla ya hodi.

"Umechelewa," akasema.

Alikuwa ni mwadhini, kofia kichwani, akala miguuni, mkono ameuinua kubisha. Sura ya mama wakati ule ninaiona mpaka leo, na singependa mtu mwingine aione.

"Nisamehe, mama," mzee akasema. "Nimetoka kusali sasa hivi. Nilitaka kujua kama mnasikia."

"Hatusikii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mzee."

Alimtazama mdogo wangu, akanitazama mimi, akatazama ndani, pale baba alipokuwa akivalia akala zake. Nadhani alikuja akiwa na jambo la kusema na lilimpotea njiani. Alikohoa, kikohozi kile kile tulichokijua, bila mashine kidogo tu kama cha mtu yeyote. Kisha akasema, kama watu wote wa Nairobi wanavyosema wakigeuka kwenda zao,

"Haya, mama."

Akala zikashuka kijia, zikaishia barabarani.

Mama alibaki ameushika mlango. Alilirudia neno lile kwa midomo, bila sauti, akilipima kama mpishi anavyopima chumvi. Nilimwambia aingie, kuna baridi. Hakunisikia.

"Kumbe hivi ndivyo baba yenu alivyolisema siku ile," akasema.

Akaurudisha mlango, na kwa mara ya kwanza tangu baba aondoke, nikasikia komeo likiingia mahali pake.