Karani Aliyekataa Majimbo

Usiku mapigano yalipozuka mpakani, kati ya kabila letu na majirani zetu, binti yangu Nyamusi akiwa bado kazini ng'ambo ya mpaka huo, karani mstaafu wa kituo cha chai alikuja kukaa nami. Ni jirani yetu hapa Ikonge. Vidole vyake havitulii; hukunja na kukunjua kofia yake mpaka ukingo umechakaa. Katika kila baraza, majimbo yakitajwa, yaani kugawa nchi ili kila kabila lijitawale kwao, husimama, hukohoa, kisha husema, "Hapana. Mtaanza kuulizana kwenu ni wapi." Vijana humcheka: "Mzee, hayo ni ya kale!" Nilidhani aliwahi kufukuzwa mahali. Usiku huo nilimuuliza. "Sikufukuzwa, Mama Nyamusi," alisema polepole. "Mwaka wa tisini na mbili, rafiki yangu wa ng'ambo aligonga mlango wangu. Sauti yake niliijua. Nikamwambia aende kwa jimbo lao. Asubuhi walimwokota barabarani, ameuawa." Nilitaka kumwambia atoke nyumbani kwangu. Kabla sijasema, mlango uligongwa, na mwanamume akaita kwa lafudhi ya ng'ambo. "Usifungue!" nilinong'ona. Karani alikuwa ameshatoa komeo. Nje alisimama mtu nisiyemjua, amembeba Nyamusi mgongoni, naye Nyamusi ananiita.