Birago na Bunda la Mkwe

Saa nne asubuhi, Jumamosi, msibani mjini Ejisu. Maturubai yameshafungwa, nguo nyekundu na nyeusi za maombolezo zimejaa vitini. Adwoa Birago, mhesabu pesa za rambirambi mwenye miaka hamsini na minne, anageuza noti zote zitazame upande mmoja: za hamsini huku, za ishirini huku, za kumi, za tano. Anahesabu mara mbili, anafunga kwa mpira, anaandika kikaratasi. Ndipo msemaji anatangaza jina la mtoa rambirambi na kiasi chake.

Hulipwa sedi themanini kwa siku, na sahani ya wali. Pesa zikipungua, anazifidia yeye.

Mwaka jana zilipungua. Mkwe wa marehemu mmoja alileta bunda la noti za kumi, bado lina utepe wa benki. Akasema ni sedi elfu moja, zikatangazwa, watu wakapiga makofi. Kulifungua bunda la mkwe mbele za watu ni kumwita mwizi, kwa hiyo Birago aliliweka kando vilevile. Jioni zikakutwa noti themanini na tatu.

"Nilipowaambia wafiwa, waliniangalia mikono," anasema. "Mkwe hakuna aliyemwangalia."

Alilipa sedi mia moja na sabini kwa miezi mitatu. Mwezi wa pili wa deni hilo aliuza cherehani.

Leo limefika bunda jingine, nalo la mkwe. Mkuu wa ukoo, Opanyin Dwomoh, anainama mezani kabla Birago hajagusa utepe.

"Mama, usituaibishe. Huyu ndiye aliyenunua jeneza."

"Na mimi ndiye nitakayelipa zikipungua, mzee."

"Nani kasema zimepungua?"

"Hakuna. Ndiyo maana nataka kuhesabu."

Anaukata utepe. Anahesabu mara mbili, kama kawaida yake. Noti mia moja kamili.

"Sasa mama, nikutolee na mifuko ya suruali uikague?" mkwe anauliza, na watu wanacheka.

Kabla ya saa sita Opanyin anamlipa nusu ya ujira wake na kumwambia kwamba ukoo hautamwita tena. Wali haujaiva. Kufikia jioni familia nyingine mbili zimempigia simu kughairi.

Birago hasimulii haya kwa hasira. Nyumbani ameshaosha karai. Jumatatu ataanza kukaanga ndizi kando ya barabara.

"Pale," anasema, "mtu akinipa pesa nitazihesabu mbele yake, na hataona nimemtukana."