Viondo vya Mtihani

Juma lililopita nilipata habari kwamba mwalimu wa sanaa niliyefanya kazi naye katika shule moja nje kidogo ya mji wa Nyeri ameaga dunia. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua mimi si mtu wa kumwaga sifa kwa marehemu, na leo sitaanza. Nina uchungu tu, na sioni dawa yake.

Mfumo mpya wa elimu ulipoingia miaka ile ya themanini, watoto wa darasa la nane walitakiwa kutengeneza kitu kwa mikono yao, mtahini aje akitie alama. Mwenzangu alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Aliwafundisha kusokota mkonge pajani, kuanza kitako cha kiondo, kile kikapu cha mkonge, na kukipandisha polepole, na aliyekosea alifumua akaanza upya. Shule jirani hawakuwa na subira hiyo. Wazazi wa huko walikwenda soko la Karatina, wakanunua viondo vilivyosukwa na akina mama wazima, wakavibandika majina ya watoto. Mtahini alipofika kwetu aliinua kiondo cha msichana mmoja, hodari kuliko wenzake wote, akakizungusha.

"Hii yenu imeenda upande, mwalimu. Huko jirani ziko sawa kabisa."

"Huko jirani mtoto hakushika hata uzi," mwenzangu akamjibu.

"Mimi naweka maksi kwa kile naona."

Msichana yule alikosa nafasi ya sekondari kwa alama chache. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa Kangari, akichuma chai.

Mwaka uliofuata wazazi walijaa ofisini. Baba mmoja alimwambia mwenzangu usoni, "Mwalimu, hii ukweli yako itatumalizia watoto." Hakubisha. Jumamosi aliniomba nimsindikize sokoni. Mama muuza viondo alimtambua mara moja. "Si ni wewe ulikuwanga unakuja kuniuliza vile tunaanza kitako? Sasa hizi zote ni za nini?"

"Ni za mtihani, mama."

Mama akavifunga kwa kamba bila kumtazama tena. Njiani mwenzangu aliniuliza, "Hawa watoto nimewafundisha nini?" Darasa lile lilipita vizuri ajabu. Yeye aliendelea kufundisha masomo mengine hadi akastaafu, lakini mkonge hakuugusa tena.

Juzi, kaburini, aliyekuwa mwalimu mkuu wetu alisimama akasema, "Huyu mtu alitupatia namba moja ya sanaa tarafa nzima. Ule mwaka hatutausahau." Waombolezaji wakapiga makofi. Mjane alikuwa ameinama. Ndugu zangu mnaotia watoto alama, ulizeni kwanza ni mkono wa nani uliofanya kazi, kwa sababu msipouliza mtawafundisha walimu waaminifu kudanganya. Sisi tumekwisha kumfukia mmoja, tukimshangilia kwa mwaka ule ule ambao hakufundisha.